Namna ya kukataa kulala kwa shangazi Idi hii bila kuvunja undugu

Shangazi akikupigia simu mwezi wa Shaabani akakwambia, "Idi hii mnakuja kwangu, chumba nimeshakitenga," hajakuomba. Amekupa heshima, na pengine majirani zake wameshaambiwa. Ndiyo maana kukataa ni kazi. Nawe nyumba unaijua: chumba cha uwani kisichopitisha upepo, godoro la sufi lililoshikana mabonge, choo cha kuvukia ua usiku mvua ikinyesha, watoto watano kwenye mkeka mmoja. Unampenda shangazi yako, lakini ukiukumbuka usiku wa pale moyo unasita.

Mwongozo huu ni kwa watu wa Tanga walioko mbali, Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na kwingineko, na kwa walioko Pangani, Muheza au Korogwe wanaoitwa mjini. Nimeuandika kwa Idi kwa kuwa ndiyo sikukuu ya nyumba nyingi za pwani. Anayeitwa Krismasi huko Muheza au Lushoto abadilishe majina ya siku tu, mengine ni yale yale.

Shika jambo moja kabla ya yote. Kwetu, kulala kwingine husameheka. Kisichosameheka ni kutokanyaga mlango na kutokula. Kwa hiyo kataa kitanda, sahani usiikatae. Hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: jiulize ni kitu gani hasa kinachokusumbua

Watu wengi husema "kwa shangazi hakukaliki" na kuishia hapo. Ukishaanza kwa neno hilo, ndilo litakaloponyoka mdomoni siku ya kuongea. Kaa chini utaje kitu chenyewe.

Kama ni joto, mbu au shuka, hayo yanabebeka. Feni ya mezani, chandarua chenye dawa na jozi ya shuka ni zawadi nzuri ya kutangulizwa mwezi wa Shaabani. Zitume kwa jina la nyumba: "Shangazi, hii feni ya chumba cha wageni," usiseme "feni yangu nikija." Bati linalovuja nalo lina dawa, maana ndugu watatu wakichanga fundi anapanda juu kabla ya mvua. Nasema hivi kwa sababu kalenda yenyewe inatubana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Idi inarudi nyuma kila mwaka. Idi ndogo ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 ikawa Machi 31, na Machi hadi Mei kwetu ni masika. Chumba ambacho wakati wa kiangazi kinalalika vizuri, masika kina ndoo mbili sakafuni za kukingia matone. Kama shida ni bati tu, huenda huna haja ya kukataa chochote. Changia bati ulale.

Kama ni mwili, hapo hoja unayo. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi choo cha kuchuchumaa. Mtoto mwenye pumu hawezi kulala chumba kilichopakana na jiko la mkaa, na siku za sikukuu nyumba nzima hufukizwa udi. Mjamzito hastahili kulala bila chandarua Tanga, kwa sababu malaria ya ujauzito inamdhuru yeye na mtoto aliye tumboni. Haya ni ya kweli, hayamsuti mwenye nyumba, na mtu mzima yeyote atayaelewa.

Kama ni maneno, yaani kila ukienda unaulizwa utazaa lini, mshahara wako unakwenda wapi, au mkeo anasimangwa jikoni, kitanda si tatizo lako. Gesti itakupumzisha usiku tu, mchana maneno utayakuta pale pale. Dawa yake ni kufupisha ziara na kwenda na mtu mzima anayeheshimiwa, ambaye akiwapo watu hupima kauli zao.

Na kuna la nne, ambalo halimo kabisa katika adabu hizi za kukataa kwa upole. Kama katika nyumba ile yupo mtu aliyewahi kumgusa mtoto isivyofaa, au unamshuku hivyo, mtoto halali pale, na hakuna shangazi wala ami mwenye haki ya kukulazimisha. Hudaiwi maelezo. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini katika ukoo, na jambo lenyewe lifikishe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Undugu haujengwi kwa kumnyamazisha mtoto.

Hatua ya pili: kubalianeni ndani, na mwenye damu ndiye aseme

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mume na mke wakishaafikiana kwamba hawatalala kwa shangazi, mara nyingi mke ndiye anayeachiwa kupiga simu, kwa sababu ndiye anayepanga safari, nguo za watoto na chakula cha njiani. Akisema yeye, hata kwa sauti ya asali, upande wa pili utasikia hivi: mkwe anaringa, mkwe amemtenga mtoto wetu na kwao. Neno hilo likishaingia mitaa ya Ngamiani, mjini Tanga, halitoki. Litapita baraza hadi baraza, na Idi ya mwaka ujao litamsubiri mlangoni.

Kanuni ni rahisi. Shangazi wa mume huambiwa na mume. Mama mkubwa wa mke huambiwa na mke. Aliye na damu ana mkopo ambao mkwe hana: hata akikasirikiwa, atabaki mtoto wa nyumba. Na anaposema, aseme "tumeamua" au "nimeamua". Asithubutu kusema "mwenzangu hawezi kulala huko." Mume anayejikinga nyuma ya mkewe katika jambo hili anamdhulumu, tena mbele ya watu ambao mke huyo alichukua miaka kuwazoea.

Watoto nao wawekwe sawa. Mtoto wa miaka sita atasema kile alichokisikia kwenye gari, neno kwa neno, sahani ya pilau ikiwa mbele yake. Msiizungumze nyumba ya shangazi mbele ya watoto kabisa.

Hatua ya tatu: pata pa kulala kabla hujafungua mdomo

Usimwambie shangazi "tutatafuta gesti." Ukisema hivyo mlango uko wazi, atakuhamisha kabla hujakata simu. Chumba kiwe kimeshapatikana na kulipiwa.

Kwa walioko karibu si lazima chumba. Muheza ni kilomita kama 40 kutoka mjini, Pangani kama 50. Unakuja asubuhi, jioni unarudi, na Tanga yenyewe ni mji wa waja leo waondoka leo, hakuna atakayeshangaa. Anayetoka Dar es Salaam, kilomita kama 350, hana njia hiyo. Akiteremka stendi ya Kange amechoka na watoto wamechoka, lazima alale.

Gesti za mjini ziko Chumbageni, Raskazone, Ngamiani kwenyewe na maeneo ya Kange karibu na stendi. Chagua ambayo si mlango wa pili kwa shangazi, maana kumpitia mbele ya baraza lake usiku ukienda kulala kwingine ni kumtonesha. Chagua pia ambayo si mbali sana, uweze kurudi kwake asubuhi kwa bodaboda au kwa miguu. Na kumbuka mwezi huandama siku ya 29 au ya 30. Lipia usiku mmoja wa ziada, au zungumza na mwenye gesti mapema, usije ukafukuzwa chumbani mkesha wa Idi kwa sababu hesabu yako ilikuwa ya mwezi wa siku 29.

Wengine huona wakwepe gharama kwa kulala kwa ndugu mwingine mwenye nyumba nzuri zaidi. Mimi sikushauri. Gesti haimshindanishi shangazi na mtu, lakini nyumba ya mama mdogo yenye marumaru na choo cha ndani inamshindanisha, na yeye atajua, na mama mdogo naye atajua. Nyumba moja tu haina ubishi: ya mama yako mzazi au bibi yako. Ukisema "nalala kwa bibi" hakuna anayeweza kununa.

Hatua ya nne: mchango utangulie maneno

Kama kila mwaka unatuma chochote cha sikukuu, mwaka huu kitume mapema, siku kadhaa kabla ya simu yenyewe, bila kutaja habari ya kulala. Fedha ikifika kabla ni fungu lake la haki. Ikifika baada ya kukataa inaonekana faini, naye anaweza kuirudisha.

Hatua ya tano: piga simu

Piga, usiandike. Na usiiweke habari hii kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, maana huko atajibiwa na watu ishirini kabla yeye mwenyewe hajasoma.

Saa ina maana. Baada ya alasiri mwezi wa Ramadhani mwanamke yuko jikoni, muhogo wa nazi uko motoni, anaangalia saa. Usimpigie. Asubuhi ni nzuri, au usiku baada ya tarawehe, ameshafuturu na ametulia. Tarehe pia ina maana: kumi la mwisho watu wako kwenye ibada na manunuzi, na shangazi atakuwa ameshapima mchele kwa hesabu ya vichwa vyenu. Mwambie kabla ya hapo. Kukataa mapema ni heshima, na kukataa siku mbili kabla ya Idi ni hasara uliyomtia.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za funga?"

"Alhamdulillahi, tunafunga. Mnafika lini?"

"Mungu akipenda, Idi mosi mchana tunakula kwako. Sote, na watoto. Ila kulala, safari hii tutalala Chumbageni, nimeshachukua chumba."

"Chumba! Mimi ni mzima mkalale gesti?"

"Wewe ndiye tunayemfuata, shangazi. Ni kifua cha huyu mdogo, usiku hakimpi nafasi, anaamka anaamka. Tunataka awe peke yake na mama yake. Mchana wote tupo kwako."

"Nitawahamisha hawa watoto, mpate chumba cha mbele."

"Usimhamishe mtu, shangazi. Kile nimeshakilipia. Niambie tu nije na nini, mchele au nyama?"

Angalia mpangilio. Kitu cha kwanza alichokisikia ni kwamba mnakuja na mtakula. "Ila" imetajwa mara moja. Sababu ni moja, nayo inahusu watu wako, nyumba yake haikutajwa. Alipotoa suluhisho, hukuleta sababu ya pili. Hilo ni muhimu sana, kwa sababu ukiongeza ya joto, kisha ya choo, kisha ya kelele, utajikuta umeikagua nyumba yake chumba kwa chumba. Na mwisho umemuuliza swali linalomrudishia madaraka yake. Yeye ndiye mwenye sikukuu, yeye ndiye anayepanga.

Sababu iwe ya kweli. Ukisingizia safari ya kikazi au mgonjwa wa uongo, Tanga haikufichi. Mtu atakuona Barabara ya Nane saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri shangazi ameshaambiwa. Zaidi ya hapo, uko kwenye funga. Huna haja ya kusema kila kitu unachokijua, lakini ulichokisema kiwe hivyo hivyo.

Kama huna sababu ya mwili, sema lililopo bila kupamba: "Shangazi, tumekuwa wengi, tukilala sote pale hutapumzika hata wewe." Kwa nyumba yenye vyumba vitatu na wageni kumi na wawili, hilo ni kweli kabisa.

Hatua ya sita: akikataa kukataliwa

Wengine watalia. Wengine watasema "sawa" na kukata simu. Usibishane siku hiyo. Subiri siku mbili tatu, kisha mtafute mwenye kauli kwake, dada yake mkubwa, ami, au bibi kama yupo, umweleze sababu ile ile moja aipeleke. Mtu mzima akimwambia mtu mzima mwenzake "mwache, mtoto anaumwa", jambo linakwisha. Wewe ukilirudia mara tatu linakuwa ugomvi.

Unaweza pia kumwachia kitu. Kama una mtoto wa miaka kumi na ushei anayependa kuwa na binamu zake, na nyumba ni salama, alale yeye pale usiku mmoja. Kwa watoto mkeka mmoja watu watano ndiyo sikukuu yenyewe. Shangazi atakuwa amelaza mjukuu wa kaka yake, na hilo humtosha mbele ya majirani.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Ukifika mjini, begi liende gesti kwanza, na wewe uende kwa shangazi siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kwa dakika kumi. Asisikie kwa muuza vitumbua kwamba mmefika. Na begi lisikanyage nyumba yake, hata kwa kupumzishwa barazani. Begi likishaingia chumbani watoto watalifungua, nguo zitatundikwa, na umeshalala.

Idi mosi, baada ya swala, anza kwake kama ndiye aliyekualika, isipokuwa kama wazazi wako wako mjini. Nenda na vitu vibichi: mchele, sukari, mafuta, doti ya kanga iliyochaguliwa kwa jina lake la kupendeza. Usiende na chakula kilichopikwa. Ukimwingilia na pilau yako umemwambia kwamba hata chungu chake hukiamini.

Kula. Ukiletewa kaimati na tambi za sukari baada ya pilau, onja. Wanawake waingie uwani, washike mwiko au vyombo, kwa sababu anayekaa sebuleni kama mgeni wa kuja kutazama ndiye anayehesabiwa kuwa amedharau. Wanaume wakae barazani na wenzao. Watoto wa nyumba wapewe mkono wa Idi sawa sawa, wote, mmoja asirukwe. Kaa hadi alasiri walau. Aliyekataa kulala akikaa saa moja tu, amekataa vyote viwili.

Choo kile kile kilichokufanya ukimbie, kikihitajika mchana, kitumie kimya kimya. Usipeleke watoto gesti kwa ajili ya haja ndogo.

Wakati wa kuaga, aga wewe kabla ya magharibi, na taja kurudi: "Kesho asubuhi nakuja kunywa chai." Kisha uende kweli. Chai ya Idi pili, nyumba imetulia, wageni wa mosi wameondoka, shangazi amevaa kanga ya nyumbani na ana nafasi ya kuzungumza, ina thamani kwake kuliko usiku wako mzima wa kugaagaa. Hapo ndipo utakapoambiwa habari za ukoo, nani anaumwa, shamba lipi limeuzwa, nani anaolewa mfungo tatu.

Hatua ya nane: baada ya safari

Piga simu ukifika ulikotoka. "Shangazi, tumefika salama" inamtosha. Usirudie kuomba radhi ya gesti, ukirudia unalifufua.

Mkaribishe naye kwako, kwa tarehe, si kwa "karibu siku moja." Na akija, mpe chumba kizuri kuliko vyote ulivyo navyo.

Kama bado amenuna, Idi kubwa haiko mbali. Kutoka mosi ya mfungo mosi, yaani Idi ndogo, hadi kumi ya mfungo tatu, yaani Idi kubwa, ni kama miezi miwili na siku kumi. Safari hiyo usisubiri akualike. Mpigie wewe kwanza, wiki mbili kabla, umuulize nyama ya kuchinja atakuwa na ya kutosha au umletee mguu. Habari ya kulala usiitaje mpaka aitaje mwenyewe.